SOMO LA SAYANSI: MOYO WA MTOTO BAADA YA GAZI YA MAKALA



Mvua imerudi, na baridi ya usiku pamoja nayo. Wakati huu wa mwaka jambo moja linatokea katika nyumba zetu za mlimani. Chakula cha jioni kimekwisha kuiva, makala ndani ya mbabula yangali mekundu, baridi inapita chini ya mlango. Mama anasema: « Musitupe moto ule, muingize mbabula mule watoto wanalala. » Anafunga dirisha, anaziba na kitambaa pale upepo unapita. Anafanya hivyo kwa sababu anapenda watoto wake. Nani atamlaumu?

Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba gazi ya makala inaua. Juu ya kufa sitaandika sana. Somo hili ni juu ya mtoto ambaye hakufa: yule aliyetoshwa nje, akaamuka, akaomba maji, na watu wakasema « imekwisha ». Nataka kuonyesha kwamba kwa moyo wake mambo yanaweza kuwa hayajaisha, hata kama macho yamefunguka.

Niliyaona haya kwa jirani, nilipokuwa ningali mwalimu kijana. Karibu saa kumi na moja ya asubui tulisikia makelele. Watoto watatu walikuwa wamelala chumba kimoja na mbabula. Mkubwa, wa miaka 12, alijikokota mpaka mlangoni akaanguka pale akitapika. Ndiye aliyeamusha baba yake. Msichana wa katikati alilia juu ya kichwa. Mdogo, wa miaka 4, hakuamuka. Tuliwatosha wote uani. Kila mtu akaja na dawa yake: huyu analeta maziwa, yule mafuta ya mawese, mwingine anamwangia mtoto maji ya baridi. Bibi mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba ni sumu, na akataja mwanamke aliyewapa ndizi jana yake. Kumbe ni hewa ya asubui peke yake iliyokuwa inafanya kazi. Kisha nusu saa yule mdogo akafungua macho, akaita mama yake.

Tukawapeleka ku kituo cha afya, na pale ubishi ukaanza. Baba akasema: « Mutoto amekwisha kuamuka, anaongea, tunabakia hapa kufanya nini? Feza ya kulala hapa itatoka wapi? » Muuguzi, mama mmoja wa umri, akamjibu: « Papa, kichwa kimeamuka. Moyo sijausikiliza bado. » Akashika mkono wa mtoto, akahesabu. Mara 150 kwa dakika, na mtoto amelala kimya! Mtoto wa umri ule akipumzika, moyo wake unapiga kati ya 80 na 120. Akamweka kwenye oksijeni, akakataa waondoke mpaka kesho yake. Maneno ya yule mama yalinifundisha kuliko kitabu, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta kufahamu vizuri alichokuwa anaogopa.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Makala ni kaboni karibu tupu. Ikiungua na hewa nyingi, kila atomu ya kaboni inashika atomu mbili za oksijeni: C + O₂ → CO₂. Hewa ikiwa kidogo, inashika moja tu: 2C + O₂ → 2CO. Hii ya pili ndiyo monoksidi ya kaboni, tuiite CO. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ndani ya mbabula mambo yote mawili yanatokea pamoja. Chini, pale hewa inaingia, CO₂ inatengenezwa; ikipanda katikati ya makala yenye moto mkali inakutana na kaboni tena, na inageuka kuwa CO. Ile miali midogo ya buluu inayocheza juu ya makala, mmeiona, ni CO ikiungua. Miali ile ikizimika na makala kubakia mekundu tu, CO haiungui tena, inatoka na kuenea chumbani. Kwa hiyo wakati ule tunaposema moto umekuwa mzuri, hauna moshi, tunaweza kuuingiza ndani, ndio wakati wa kuuogopa. Moshi unakufukuza. CO inakuacha ulale.

Wenzetu wa Goma watauliza kama hii ndiyo mazuku. Hapana. Mazuku inayotoka ardhini karibu na volkeno ya Nyiragongo na kando ya ziwa Kivu ni CO₂. Fanyeni hesabu na C = 12, O = 16: CO₂ ina uzito 44, na hewa ni karibu 29. Ndiyo maana mazuku inalala katika mashimo na mabonde madogo, na inapata kwanza mbuzi na mtoto, kwa kuwa pua zao ziko karibu na ardhi. CO ni 28, karibu sawa na hewa. Hailali chini, inachanganyika na hewa ya chumba kizima. Kitanda kirefu hakiokoi mtu na CO.

Tuifwate sasa mpaka ndani ya damu. Mnajua kwamba hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni, na kwamba kila molekuli yake ina pahali pane pa kubebea. Mwaka 1857 mwanasayansi wa Ufaransa Claude Bernard alieleza kwamba CO inashika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Karibu na mwisho wa karne ile, John Scott Haldane wa Uingereza aliivuta yeye mwenyewe, kwa kipimo, na kuandika namna alivyojisikia, kwa sababu alitaka kujua kinachoua watu katika migodi ya makala ya mawe. (Ninyi msijaribu!) Tunajua kwamba hemoglobini inashika CO kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko inavyoshika oksijeni. Tuchukue 210, hesabu iwe nyepesi. Katika sehemu 1000 za hewa, oksijeni ni 210. Tia ndani sehemu moja tu ya CO. Ile moja, mara nguvu yake 210, inakuwa sawa na oksijeni yote. Maana yake, mtu akivuta hewa hiyo muda mrefu, karibu nusu ya hemoglobini yake itakwenda kwa CO. Sehemu moja kwa elfu!

Tena kuna ubaya mwingine ambao wanafunzi wengi wanausahau katika mtihani. CO ikikaa pahali pamoja pa hemoglobini, oksijeni iliyo katika pahali pengine inashikwa kwa nguvu zaidi na haiachiliwi kirahisi. Damu inapita karibu na musuli wenye njaa, na inakataa kufungua mzigo. Ndiyo sababu mtu aliyepoteza nusu ya damu kwa ukosefu wa damu anaweza kutembea, lakini mwenye nusu ya hemoglobini iliyoshikwa na CO anaanguka.

Moyo sasa. Tunauona kama pompi inayopelekea wengine damu, na tunasahau kwamba nao ni musuli unaokula. Hauli ile damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Una mishipa yake midogo inayouzunguka kwa nje kama taji, mishipa ya koronari. Mwili kwa jumla, mtu akipumzika, unatosha katika damu karibu robo tu ya oksijeni. Inayobaki ni akiba. Moyo hauna akiba ya namna hiyo. Hata umelala, moyo wako unatosha karibu asilimia 70 ya oksijeni iliyo katika damu ya koronari. Ukitaka zaidi, njia yake ni moja tu: damu nyingi zaidi ipite.

Angalieni sasa mtego. CO imepunguza oksijeni ya damu. Ubongo na viungo vinalia njaa, kwa hiyo moyo unapiga mbio ili kuleta damu zaidi. Lakini kupiga mbio ni kazi, na kazi inataka oksijeni, na oksijeni ndiyo ile iliyopungua. Moyo unakopa kwa kulipa deni. Juu ya hayo, CO haibaki katika damu tu. Inaingia ndani ya musuli wa moyo na kushika mioglobini, ndugu ya hemoglobini inayokaa katika misuli. Inafika mpaka mitokondria, pale seli inapotengenezea nguvu, na kuzuia kazi. Ndiyo sababu damu inaweza kuwa imekwisha kusafika na musuli wa moyo ubakie dhaifu.

Kwa nini basi tunasema zaidi juu ya watoto? Kwanza, mtoto anapumua mbio. Mtu mzima akipumzika anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Mtoto mchanga, 30 mpaka 60. Mwili wa mtoto unatumia oksijeni nyingi kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo katika chumba kilekile mtoto anajaa CO mbele ya mzazi wake. Pili, moyo wa mtoto mchanga hauwezi kuongeza sana damu ya kila pigo. Ukitaka kuleta damu zaidi unaongeza mapigo tu, na mapigo nayo yana mwisho. Tatu, mtoto mdogo hasemi « kifua kinanibana » ao « moyo unaruka ». Analia, anakataa kula, anatapika, analala. (Mtoto aliye tumboni ana hatari yake: CO inapita kwa mama polepole, lakini inapanda kwake zaidi na inakawia kutoka. Mama mwenye mimba apelekwe ku hospitali hata kama anajisikia vizuri.)

Wanganga wanapomchunguza mtoto kama huyu wanatafuta mambo matatu. Katika damu wanapima troponini, protini ya musuli wa moyo. Ikionekana nyingi katika damu ni kwamba seli za moyo zimeumia na kumwaga kilicho ndani. Wanaandika mapigo ya moyo kwa mashine ya elektrokadiogramu: pengine ni mbio tu, pengine mstari umebadilika kuonyesha njaa ya oksijeni, pengine mapigo hayafwati mpango. Na pale iko ekografi, wanautazama moyo wenyewe ukikaza na kulegea. Chumba cha kushoto cha moyo mzuri kinasukuma nje, kwa kila pigo, zaidi ya nusu ya damu iliyo ndani yake, karibu asilimia 55 mpaka 70. Kwa watoto wengine waliopatwa na CO nyingi, kipimo hiki kinashuka: moyo umezubaa, kama mkono uliolaliwa usiku.

Katika nchi ya Uturuki, ambako nyumba nyingi zimetumia stovu za makala ya mawe wakati wa baridi, wanganga wa watoto wameyaandika haya mara nyingi. Wameona mambo mawili ya kutushangaza. Mtoto anaweza kuwa na troponini juu bila kulalamika kifua hata kidogo. Tena kipimo cha CO katika damu, peke yake, hakisemi ni moyo wa nani ulioumia. Mtoto akifika ku hospitali amekwisha kupumua hewa safi njiani, na kipimo kimeshuka, lakini kilichoumia kimeumia. Muda aliokaa chumbani, na kama alipoteza fahamu, ni habari zinazofaa kupita namba ile. Habari hizo ni wewe uliyekuwa nyumbani unaweza kumpa munganga.

Na habari njema iko. Mtoto hana mishipa ya koronari iliyozibwa na mafuta kama wazee. Akitunzwa, moyo wake uliozubaa mara nyingi unarudia nguvu kwa siku chache ao majuma machache. Kwa watu wazima si hivyo sikuzote. Ku Minneapolis, Marekani, waliwafwata wagonjwa 230 wa CO, wengi wao watu wazima, na matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Wagonjwa 85 walikuwa na moyo ulioumia. Kwa miaka karibu 7 na nusu iliyofwata, katika hao walikufa 38 kwa mia. Katika wale ambao moyo haukuumia, 15 kwa mia. Msihamishe hesabu hii kwa watoto, si yao. Lakini inatufundisha kwamba moyo ulioumizwa na CO unaweza kulipa kwa miaka, wakati mtu amekwisha kusahau usiku ule.

Dawa ni nini? Oksijeni. Maziwa hayafukuzi CO, mafuta ya mawese pia hayafukuzi. Na ukimimina chochote katika kinywa cha mtoto asiye na fahamu, kinaingia mapafuni na unamwongezea ugonjwa wa pili. CO inatoka kwa njia ileile iliyoingilia, kwa pumzi. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya CO inatoka kwa saa 4 mpaka 5. Akipewa oksijeni tupu kwa maski inayofunga vizuri, nusu inatoka kwa dakika 60 mpaka 90. Kuna na vyumba vya chuma ambamo oksijeni inakandamizwa, nusu ikatoka kwa karibu dakika 20 mpaka 30, lakini hizo ni mashine za hospitali kubwa sana, kwetu tusizihesabu. Mashine ndogo ya oksijeni ya kituo cha afya haitoi oksijeni tupu kabisa, hata hivyo inashinda hewa, na mtoto abakie nayo saa nyingi, si dakika kumi mpaka atabasamu.

Nina neno juu ya kile kifaa kidogo wanachofunga ku kidole, chenye mwanga mwekundu. Siku hizi mpaka vituo vidogo vinacho, na ni kizuri kwa magonjwa mengi. Kwa CO kinadanganya. Kinapima oksijeni kwa kutazama wekundu wa damu, na damu yenye CO nayo ni nyekundu. Kitaandika 98, na mtoto yuko hatarini. Wauguzi wengi wanajua. Mwingine pengine hajui, ao amechoka usiku ule. Mwambie kwa heshima: « Mama, watoto walilala na mbabula ndani. » Maneno hayo yanafaa kupita namba ya kifaa.

Na hapa ndipo watu wengi wanakosea mbele hata ya kufika kwa munganga. Kichwa kuuma, kutapika, kukosa nguvu: nyumbani tunasema malaria. Lakini angalia. Je, watu wa nyumba yote waliugua pamoja, asubui moja, bila homa ya mwili? Je, walijisikia afadhali walipotoka nje? Malaria haipati watu watano usiku mmoja saa ileile. Kuhusu neno la sumu, yule mwanamke wa ndizi alikaa majuma mengi bila mtu kumsalimia njiani, mpaka muuguzi alipokuja mwenyewe kueleza. Kama hangekuja, sijui wangemfanya nini.

Ukikuta wadogo wako katika hali ile, usiingie na kuanza kuwaamusha palepale, utaanguka nao. Vuta hewa nje, ingia, fungua mlango na dirisha, vuta mmoja, toka upumue, rudi. Asiyepumua, mpulizie pumzi kinywani na wengine wakimbie kuita msaada. Anayepumua bila fahamu, mlaze ubavu. Kisha wote ku kituo cha afya, na yule anayesema « mimi niko sawa » pia.

Wakirudi nyumbani kazi inabaki kwenu, kaka na dada, kwa sababu wazazi wanakwenda shamba. Mtoto ambaye moyo wake uliumia asikimbie, asicheze mpira, asibebe bidoni ya maji kwenye mlima, mpaka munganga atakapousikiliza tena na kumpa ruhusa. Mtazameni akipanda: je, anasimama kuvuta pumzi pahali ambapo zamani hakusimama? Je, midomo inabadilika rangi, miguu inavimba, anasema kifua kinapiga ngoma, anazimia? Arudishwe siku ileile. Mtazameni na kichwa chake pia, kwa kuwa kwa watu wengine usahaulifu ao mabadiliko ya tabia yanakuja kisha siku nyingi, hata majuma. Yule mdogo wa jirani alisimama mara tatu kwenye kilima chetu kwa majuma mawili, na kaka yake alimbeba mgongoni kipande kilichobaki. Kisha siku moja akapanda bila kusimama. Leo ni mwanaume mzima, anacheza mpira kila jumamosi, na kusema kweli anacheza vibaya, lakini si kwa sababu ya moyo.

MAULIZO (kalasi ya 4 mpaka ya 6, majibu yaletwe kwa mwalimu wa biolojia)

1. Mtoto amefika ku hospitali saa mbili ya asubui, na CO imeshika asilimia 32 ya hemoglobini yake. Anapewa oksijeni tupu, na nusu inatoka kila dakika 80. Atafika asilimia 4 saa ngapi? Angebaki nyumbani na hewa tu, nusu ikitoka kila saa 5, angefika asilimia 4 saa ngapi?

2. Katika hesabu ya pili, moyo wake ungefanya kazi saa ngapi zaidi bila oksijeni ya kufaa?

3. Nendeni nyumbani, mpime dirisha la chumba cha wadogo wenu, na muandike: usiku linafungwa na nini, na mbabula inalala wapi?